Nyota Iliyotafutwa Kaskazini

Mchana wa leo, saa tisa na robo, niliota niko kazini. Nalihesabu jambo hilo kuwa ni uonevu. Mtu analaza kichwa juu ya meza ili aiponyoke kazi kidogo, kumbe kazi imeshajua njia, inamfuata hadi ndani kama kuku aliyezoea jikoni.

Niseme kwanza nilikuwa nimelalia nini, maana ndoto ilitoka humo. Nilikuwa nimelalia daftari la Mwalimu Ambindwile Mwalwiba. Mwalimu alinifundisha fizikia kidato cha pili, na kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akikaa barazani kwake, chini ya mlima Loleza hapa Mbeya, na darubini yake ndogo, akiangalia nyota moja tu. Anasema kila baada ya miaka kumi na mmoja nyota hiyo hufifia siku chache, halafu hurudi ilivyokuwa. Ameiona ikififia mara mbili. Wakubwa wa elimu ya nyota walimjibu kwa adabu kwamba mara mbili si ushahidi. Mara ya tatu ni wiki hii. Mwalimu ana miaka sabini na minane, presha ya macho imekwisha kumchukulia jicho la kushoto, na sasa inalimalizia la kulia. Nyota yake haioni tena.

Mimi, Tusekile, ndiye niliyemwombea nafasi. Chuo chetu kina fungu katika mtandao wa darubini kubwa zilizotawanyika duniani, na tumepewa dakika ishirini, usiku wa leo. Hakuna anayekwenda kuzishika darubini hizo kwa mkono. Unajaza fomu kwenye kompyuta: jina la shabaha, yaani nyota unayoitaka, saa zake na digrii zake zinazoonyesha mahali pake angani, mng'ao wake, mwendo wake, vyote kwa mpangilio wa Kanuni za Kueleza Shabaha, toleo la tatu, kurasa mia nne na kumi na mbili. Programu inasoma fomu, inachagua darubini inayofaa, na darubini inageuka yenyewe. Mlango wa maombi ulikuwa unafungwa saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimeshajaza kila kitu, nimekinakili kutoka daftarini namba kwa namba, nimebonyeza kitufe cha kukagua, na tiki ya kijani imetokea. Kilichobaki ni kutuma. Lakini moyo ulikataa kutulia, na sikujua kwa nini. Nikasema nijiegeshe dakika tano.

Basi niko ofisini. Kwenye kiti changu imekaa Kanuni yenyewe, toleo la tatu, imevaa miwani na imekunja nne. Sijui kitabu kimepata wapi miguu, na siulizi, kwa sababu najiona nimechelewa.

"Kila kitu kielezwe kikamilifu," inasema Kanuni. "Kisichoelezwa hakionekani."

Hiyo ndiyo ibara ya kwanza. Nimeisoma mara nyingi bila kuiogopa. Sasa natupa jicho kwenye kikombe changu, nakumbuka kwamba sijawahi kukiandikia mahali kilipo, na kikombe kinatoweka. Chai inabaki hewani kidogo, halafu nayo inakumbuka.

Lusubilo, ninayekaa naye ofisi moja, anaingia akiuliza kama nimeiona chaja yake. Kanuni inamuuliza mng'ao wake ni kiasi gani. Lusubilo anasema hajui, hajawahi kupimwa. Anaanza kufifia kuanzia miguuni, huku akiendelea kuulizia chaja. Namnong'oneza ataje namba yoyote ile. Anasema yeye hawezi kudanganya kwenye fomu, na hilo ni kweli, ndivyo alivyo. Anabaki sauti tu, kisha sauti nayo inatoka kwenda kuitafuta chaja chumba cha pili.

Naiuliza Kanuni kama na mimi nitatoweka. Inasema mimi ni mwombaji, na mwombaji haelezwi popote, apange foleni.

Hapo juu ya mlango, mshale mrefu wa saa ya ukutani unashuka taratibu, unajipangusa vumbi, unasimama ubavuni kwangu. Ni mwembamba na mweusi, una haraka ya mtu aliyeacha sufuria motoni. Unaniambia umetumwa kunisindikiza mpaka saa kumi na moja. Unaomba radhi mapema kwamba hauwezi kunisubiri mahali popote, ndivyo ulivyotengenezwa. Unapiga hatua moja kila dakika. Hatua zenyewe ni ndogo, lakini haurudi nyuma.

Foleni ya dirisha la maombi si ndefu. Mbele yangu kimesimama Kimondo cha Mbozi, kile kile cha chuma, na uzito wake wote, kikiwa na bahasha kwapani. Kinanieleza shida yake bila kuulizwa, kama watu wa foleni wafanyavyo. Kwenye Kanuni kuna shabaha za aina mbili, zilizotulia na zinazotembea. Kilipokuwa bado angani kiliandikishwa miongoni mwa zinazotembea, na kila anayetembea hutakiwa kuleta jedwali la mahali atakapokuwa saa kwa saa. Kimeleta jedwali. Nalichungulia. Kila mstari umeandikwa Mbozi.

"Mimi nilishafika," Kimondo kinaliambia dirisha.

"Neno hilo halimo," linajibu dirisha. "Rudi Jumatatu."

Kimondo kinakunja jedwali lake bila hasira. Ni wazi kwamba si Jumatatu ya kwanza. Kinaniinamia kinasema, "Binti, uwe umejua nyota yako inakaa wapi kabla hujaweka karatasi hapo." Halafu kinaondoka na nusu ya sakafu, na mimi inabidi niruke ili nilifikie dirisha.

Nyuma ya dirisha hakuna mtu. Juu ya kiti cha kuzunguka umekaa muhuri wa mpira. Nautolea fomu, unaisoma kwa tumbo. Jina lipo. Saa zipo. Digrii arobaini na saba. Mng'ao upo, mwendo upo. Unajiinua, unajishusha, na karatasi inapata neno SAHIHI.

Ningeondoka, lakini moyo wangu ni ule ule wa mezani. Nauomba muhuri uangalie tena, kwa hisani yake.

"Nimeangalia," unasema. "Namba zimekaa kwenye visanduku vyake. Nukta ziko mahali pake."

"Na kama nyota yenyewe haipo hapo?"

"Hicho si kisanduku," unasema muhuri. "Mwingine."

Nyuma yangu hayupo mwingine. Mshale unasema ni saa kumi na dakika ishirini.

Kabla sijaipokea karatasi vizuri niko mahali pengine. Ni uwanja mpana uliofagiliwa vizuri, hauna kitu hata kimoja. Kuna baridi na kuna kibao: DIGRII AROBAINI NA SABA. Kwa mbali inakuja darubini kubwa, inatembea kwa heshima, inainama kana kwamba pana mlango.

"Hodi," inasema.

Hapo si kwangu, lakini hodi haiachwi ikining'inia. Naitikia karibu. Darubini inaeleza kwamba imeitwa kumwona mwenyeji wa hapa, imepewa dakika ishirini, na zimekwisha kuanza.

Ninapata aibu ambayo sijawahi kuipata nikiwa macho. Mgeni ametoka mbali, amefika kwenye anwani niliyomwandikia mwenyewe, na nyumbani hamna mtu. Natafuta hata kigoda nimpe. Natafuta chai, nakumbuka kikombe. Nasema mwenyeji atakuwa ametoka kidogo tu hapo jirani. Darubini inasema, bila ukali, kwamba nyota haina desturi ya kutoka kidogo.

"Usihangaike," inaniambia. "Nitapiga picha ya kilichopo."

Inapiga. Picha inatokea ubavuni, nyeusi tii, na chini imeandikwa: Hakuna kitu. Aliyeomba: Mwalimu Ambindwile Mwalwiba. Inapiga ya pili. Hakuna kitu, na jina la Mwalimu. Inapiga ya tatu. Picha zinarundikana mpaka magotini kwangu, na kila moja ina jina lake. Nawaona wale wakubwa wakizipitia, wakisema kwa adabu ile ile kwamba mzee alikuwa anaota. Namwona na Mwalimu mwenyewe akisomewa picha zake, kwa kuwa kuziona hawezi. Hapo ndipo ninapoogopa hasa. Kumbe tangu asubuhi nilikuwa naogopa kukosea fomu, jambo dogo, na hili kubwa nilikuwa nimelipa kisogo.

Naiuliza darubini kama njiani imekutana na nyota yoyote inayofanana na maelezo yangu. Inasema imepita kaskazini yote, hakuna. Kusini haikutumwa.

Nauambia mshale usimame japo kidogo. Unasema uliniambia tangu mwanzo. Basi nakimbia kuelekea kusini, wenyewe ukinifuata kwa hatua zake ndogo, na ajabu ni kwamba hauachwi.

Namba za vibao zinapungua njiani. Arobaini. Thelathini na mbili. Kumi na tisa. Sita. Mwisho barabara inazibwa na mama mmoja wa duara, mnene, aliyekaa katikati kabisa na ungo mapajani, anachambua maharage. Huyo ni Sifuri. Ungo wake nao mtupu, lakini anauchambua kwa makini.

Namwamkia, anaitikia marahaba. Namwambia nakwenda upande wa pili, digrii arobaini na saba. Ananyosha mkono anataka kibali.

"Kibali gani, mama?"

"Wanaokwenda kusini wana mstari mmoja mfupi mbele ya namba yao, alama ya kutoa," anasema Sifuri. "Wewe huna."

Nafungua daftari la Mwalimu. Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, mwandiko ule ule wa ubaoni: arobaini na saba, arobaini na saba, arobaini na saba. Mstari haupo hata mahali pamoja. Nasema Mwalimu hakosei.

"Nani kasema kakosea?" anauliza Sifuri. "Nyumba yake imeegemea mlima. Kaskazini yake ni mawe na migomba. Miaka thelathini na mmoja anakaa barazani anatazama kusini, hana upande mwingine. Aandike kusini ya nini? Wewe ukimwandikia mama yako barua, unamkumbusha kwamba ni mwanamke?"

Kanuni ina kurasa mia nne na kumi na mbili na haijui mlima wa mtu. Muhuri haujui. Mimi niliyeupanda mlima huo nikiwa na sare za shule, niliyekaa kwenye baraza hiyo nikala magimbi, ndiye niliyepaswa kujua, na nilinakili kama mashine.

Namwomba Sifuri aniazime mstari mmoja. Anasema yeye hana kitu, ndiyo kazi yake. Natafuta kalamu niuchore mwenyewe, na kalamu sikuwahi kuieleza, haipo. Nachutama barabarani nikiwa na daftari wazi. Mshale unakuja, unasema ni saa kumi na dakika arobaini na nne, inakaribia ya arobaini na tano.

Nautazama. Ni mwembamba, mweusi, umenyooka.

"Ukilala hapa," nauambia, "mbele ya arobaini na saba."

"Nikilala nitakuwa nimesimama."

"Dakika moja tu."

Unanizunguka ukifikiri, kwa kuwa hauwezi kufikiri ukiwa umetulia. Unasema haujapata kulala tangu utoke kiwandani. Unasema kama kuna mtu atauliza, ni mimi niliyesema. Kisha unajilaza chali juu ya ukurasa, kushoto kwa namba, na dunia nzima inanyamaza. Sifuri anabana tumbo. Napita.

Upande wa pili, yule nyota amekaa nje kwake. Ni mama wa makamo, mwanga wake si mwingi, umefikia wa kibatari kilichopunguzwa utambi. Nyuma yake kuna mwenzake, mkubwa, mweusi, asiyesema, anayejisogeza mbele yake kidogo kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmechelewa." Anamwonyesha mwenzake kwa kidevu. Anasema huyu hupita mbele yake kila miaka kumi na mmoja, na ndiyo anapita sasa. Mwenye kutaka kuona aje leo. Kisha anauliza jambo ambalo naona lilikuwa linamkaa rohoni: "Yule mzee wangu ana nini? Anatoka, anakaa barazani, lakini sasa anatazama pembeni yangu."

"Ni macho, mama. Hayaoni."

Mwanga wake unashuka kidogo, na sijui kama ni mwenzake au ni habari yenyewe.

"Mwambie kuna baridi," anasema. "Lile koti la zambarau la mkewe analotoka nalo, kifungo cha pili kutoka juu hakipo. Akishone."

Namwahidi kwamba nitamwambia. Anasema kwanza nitume fomu, na dakika yetu inakwisha.

Niliamka shavu likiwa limegandamana na karatasi. Kwenye saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Mshale mrefu ulikuwa umelala kabisa, umenyooka kushoto kuelekea tisa. Niliutazama, kisha nikatazama skrini. Digrii arobaini na saba, mbele yake hakuna kitu, na ubavuni ile tiki ya kijani imetulia. Lusubilo alikuwa mezani kwake, mzima wote, miguu na vyote, akaniuliza kama nimeiona chaja yake.

Nilipiga simu. Iliita muda mrefu, maana Mwalimu siku hizi huitafuta kwa kupapasa. Alipopokea nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama nimekwisha kutuma.

"Bado, Mwalimu. Nyota yako ni ya kaskazini au ya kusini?"

Alinyamaza vile alivyokuwa akinyamaza darasani mtu anapouliza swali ambalo jibu lake liko ubaoni.

"Tusekile," akasema, "kaskazini kwangu kuna mlima."

Nikamwomba asikate. Nikaweka ule mstari. Kwa haraka nikaweka miwili, nikafuta mmoja. Nikabonyeza kukagua, ikaja tiki ya kijani, ile ile, haikuona tofauti yoyote. Nikatuma. Jibu likarudi kwamba ombi limepokelewa na limepelekwa kwenye darubini ya kusini. Simu yangu ilionyesha saa kumi na dakika hamsini na nane. Saa ya ukutani ilionyesha hamsini na saba. Lusubilo, ambaye huirekebisha kila asubuhi kwa kufuata redio, alisema hajawahi kuiona ikichelewa, akapanda juu ya kiti akausogeza mshale dakika moja. Mimi sikusema kitu.

Nikamwambia Mwalimu kwamba imekwenda, na darubini itaitafuta nyota yake usiku huu upande unaotakiwa. Akashukuru, akanitakia heri, akaniambia nimsalimie mama yangu. Nilikuwa tayari kukata. Mdomo ukanitangulia.

"Mwalimu, kuna baridi siku hizi. Kile kifungo cha koti ukishone."

"Kifungo gani?"

"Cha pili kutoka juu. Koti la zambarau."

Nikasikia kuku wake uani, nikasikia na pumzi yake. Nilijuta, nikataka kumwambia ilikuwa ndoto tu, nilisinzia kazini, anisamehe.

"Lile koti la marehemu," akasema polepole, "huwa nalivaa barazani tu, nikishazima taa zote. Hata Sekela, mwanangu, hajui."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kumbe nyota yangu nayo inaniona," akasema, na akakata simu bila kuaga, jambo ambalo Mwalimu Ambindwile hajapata kulifanya.